Alfred Russel Wallace: Mwanafunzi wa Msitu

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Maisha ya Alfred Russel Wallace, mwanasayansi ambaye jina lake hutajwa zaidi kivulini mwa Charles Darwin, ni ushahidi wa methali hiyo.

Alizaliwa tarehe 8 Januari 1823 karibu na Usk, huko Wales, katika jamaa iliyopungukiwa na mali. Akiwa na umri wa miaka 14 aliiaga shule, kisha akajifunza upimaji wa ardhi chini ya nduguye mkubwa, William. Kazi hiyo ilimzungusha mashambani na nyikani, naye akaanza kuitambua mimea kwa majina yake. Mwaka wa 1848, yeye na rafikiye Henry Walter Bates walisafiri hadi Brazili kukusanya wadudu na ndege wa kuuza.

Katika msitu wa Amazon alikutana na ajabu iliyomshughulisha kwa miaka mingi. Kwao Uingereza, mwaloni ungeweza kutawala msitu mzima. Hapa, mtu aliyeuona mti mmoja akatamani kuuona mwenziwe alilazimika kutembea mbali, huku akipita miti mingine ya kila namna. Kwa nini msitu mmoja ujaliwe aina nyingi hivyo, na mwingine chache?

Swali hilo alilitafuta kwa gharama kubwa. Mwaka wa 1851 nduguye mdogo, Herbert, alifariki Pará kwa homa ya manjano. Agosti 1852, Wallace akirejea kwao, meli ya Helen iliteketea katikati ya Atlantiki pamoja na shehena ya vielelezo vyake. Alikaa siku 10 mashuani kabla ya kuokolewa. Miongoni mwa vichache alivyoponya ni michoro ya miti ya jamii ya mchikichi, na kutokana nayo alichapisha kitabu mwaka wa 1853.

Mwaka uliofuata alifunga safari tena, akazunguka visiwa vya Malay kwa miaka 8, akisaidiwa na Ali, kijana wa Sarawak. Alikusanya vielelezo zaidi ya 125,000. Mwaka wa 1858, akiwa anasumbuliwa na homa, aliibua wazo la uteuzi asilia akamwandikia Darwin. Maandishi yao yalisomwa pamoja London tarehe 1 Julai 1858.

Kuhusu miti, alitoa jibu lake katika kitabu cha mwaka wa 1878. Alidai kwamba zama za barafu zilifagia misitu ya kaskazini mara kwa mara, ilhali ya tropiki ilipata muda mrefu wa utulivu wa kuzalisha aina mpya. Wataalamu wameongeza sababu nyingine. Mwaka wa 1970 na 1971, Daniel Janzen na Joseph Connell walieleza kuwa wadudu na maradhi huangamiza miche iliyo karibu na mti mzazi, hivyo nafasi huachiwa mti wa aina nyingine. Hata hivyo, hoja ya historia haijafutika: ukame wa zama za barafu hutajwa kuwa miongoni mwa sababu za misitu ya Afrika kuwa na aina chache za miti kuliko Amazon.

Wallace alifariki Broadstone tarehe 7 Novemba 1913, akiwa na umri wa miaka 90. Juu ya kaburi lake umesimamishwa mti wa kale uliogeuka jiwe.