John Murray: Jamaa aliyekwepa mitihani, akachora sakafu ya bahari

Fungua ramani kwenye simu yako. Vuta hadi mtaani kwenu na utaona duka, steji, hata kichochoro cha nyuma ya ploti. Sasa sukuma hadi katikati ya Bahari ya Pasifiki. Buluu tupu, sivyo? Basi kuna jamaa aliyetaka kujua chini ya buluu hiyo kuna nini, miaka 150 iliyopita, na kifaa chake kikuu kilikuwa kamba.

Aliitwa John Murray. Alizaliwa Cobourg, Kanada, Machi 3, 1841, kwa wazazi Waskoti, na alipofika miaka 17 akaenda Uskoti kuishi na babu yake. Katika Chuo Kikuu cha Edinburgh alisomea udaktari, ila mitihani hakuitaka kabisa. Alihudhuria masomo yaliyompendeza, kisha akaondoka bila digrii. Mwaka 1868 alisafiri hadi Aktiki kama daktari wa meli ya kuwinda nyangumi, na cheti hana. (Wewe usijaribu hiyo leo.)

Mwaka 1872 Uingereza iliandaa meli ya mbao, Challenger, izunguke dunia ikichunguza bahari. Msaidizi mmoja wa wanasayansi akajitoa dakika za mwisho, na nafasi ikamwangukia Murray. Miongoni mwa kazi alizopewa ilikuwa kushughulikia matope. Ndiyo, matope ya sakafu ya bahari.

Fikiria hali yenyewe. Meli inasimama, mabaharia wanashusha bildi, ile risasi nzito ya kupimia kina, na kuishusha na kuipandisha tu kunaweza kula saa kadhaa. Inarudi na tope kidogo, meli inasonga mbele, mnaanza upya. Walifanya hivyo kwenye vituo 362, hadi Mei 1876. Mahali pamoja karibu na visiwa vya Mariana kamba ilishuka pima 4,475, yaani zaidi ya kilomita 8.

Februari 1873, kusini magharibi mwa visiwa vya Canary, wavu ulipandisha madonge meusi, kama viazi vilivyoungulia kwenye jiko. Vilikuwa vinundu vya manganizi na chuma. Leo tunajua vingi kati ya vinundu vya aina hiyo vina nikeli, kobalti na shaba, madini yanayosakwa kwa betri za magari ya umeme.

Tupige hesabu kidogo. Bahari zote ni takriban kilomita za mraba milioni 360. Gawa kwa vituo 362. Ni kama kuchota kiganja kimoja cha udongo Nakuru, kisha ukisemee kwa niaba ya Kenya na Uganda zote mbili, na bado hujamaliza eneo lako! Isitoshe, meli haikufika hata Mombasa: kutoka Cape Town ilishuka kusini kwenye barafu, ikaibukia Australia.

Hapo ndipo Murray alipotumia kichwa. Kwa kila tope aliuliza: limetoka wapi, kina gani, umbali gani na nchi kavu? Akaomba sampuli za meli nyingine pia, zikiwemo zilizolaza nyaya za simu za maandishi. Taratibu picha ikajitokeza. Kwenye kina cha wastani kuna tope jeupe la magamba ya viumbe vidogo mno. Ukishuka zaidi magamba yanayeyuka, unabaki udongo mwekundu. Na mbali kabisa na nchi kavu, kwenye udongo huo mwekundu, ndipo vinundu vinajaa, pamoja na meno ya papa wa kale na chembe za vimondo alizozinasa kwa sumaku. Kwa nini huko? Kwa sababu tope linatua polepole mno, kwa hiyo kitu kikianguka hakifukiwi haraka.

Mwaka 1891, yeye na Mbelgiji Alphonse Renard walichapisha kitabu kuhusu mashapo hayo, pamoja na ramani yake. Kukisia kilicho katikati ya nukta mbili kwa kuangalia majirani zake ndiyo kazi ambayo leo kompyuta hufanya, mara nyingi kwa mbinu yenye jina la Danie Krige, mhandisi wa migodi ya dhahabu wa Afrika Kusini.

Jicho hilo la Murray lilizaa pesa pia. Alipopima mawe kutoka kisiwa cha Christmas, Bahari Hindi, alikuta fosfeti, mali ya kutengeneza mbolea. Akaisukuma serikali, na Uingereza ikakitwaa kisiwa mwaka 1888. Kampuni ikaundwa mwaka 1897, na kodi yake ikaja kuzidi gharama yote ya safari ya Challenger. Hadithi hii husimuliwa kama ushindi wa sayansi. Mimi naona ina upande wa pili: mamia ya vibarua Wachina waliopelekwa kuchimba walikufa kwa beriberi miaka ya mwanzo ya 1900, na msitu ukakwanguliwa.

Murray alifariki Machi 16, 1914, gari lake lilipopinduka karibu na Edinburgh. Leo nchi na kampuni zimegawiwa maeneo ya kutafuta vinundu kati ya Hawaii na Mexico, chini ya mamlaka ya kimataifa yenye makao Kingston, Jamaica. Mashine iliyojaribiwa huko mwaka 1979 iliacha alama kwenye tope, na bado zinaonekana. Vinundu vyenyewe hukua milimita chache tu kwa miaka milioni.