Janis Joplin na tamasha lililosafiri kwa gari la moshi

WAPENZI wa muziki wa roki humkumbuka Janis Joplin kwa sauti yake ya kukwaruza na kifo chake cha mapema. Ni wachache wanaokumbuka kwamba miezi mitatu kabla ya kufariki, alishiriki tamasha la aina yake, lililovuka Kanada kwa gari la moshi.

Joplin alizaliwa Januari 19, 1943 mjini Port Arthur, jimbo la Texas, Marekani. Shuleni alitengwa na kudhihakiwa na wenzake, naye akapata faraja katika nyimbo za Wamarekani weusi, hasa za Bessie Smith.

Mnamo 1966 alijiunga na bendi ya Big Brother and the Holding Company jijini San Francisco. Tamasha la Monterey la Juni 1967 ndilo lililompandisha ngazi, na mwaka wa 1969 aliimba Woodstock mbele ya mamia ya maelfu ya watu. Hata hivyo, umaarufu haukumwondolea upweke, wala haukumwokoa na pombe na heroini.

Kisha likaja tamasha la Festival Express, lililoanzia Toronto Juni 27, 1970, likapitia Winnipeg Julai 1 na kukamilika Calgary Julai 5. Badala ya kila bendi kusafiri kivyake, wanamuziki walipanda gari moja la moshi. Miongoni mwao walikuwamo Grateful Dead, The Band na Buddy Guy. Usiku na mchana walipiga gita na kuimba mabehewani, pasipo jukwaa wala kiingilio. Humo Joplin, aliyekuwa na bendi yake mpya ya Full Tilt Boogie, alikuwa mtu miongoni mwa wenzake.

Nje mambo yalikuwa tofauti. Mjini Toronto, vijana walikabiliana na polisi wakidai kuingia bure, hata Grateful Dead wakalazimika kutumbuiza bila malipo katika bustani iliyokuwa karibu ili kutuliza hasira. Mauzo ya tikiti yalizorota na waandalizi wakapata hasara kubwa.

Mnamo Agosti mwaka huo, Joplin alichangia gharama za jiwe la kaburi la Bessie Smith, ambalo halikuwa na alama yoyote tangu 1937.

Oktoba 4, 1970 alipatikana amefariki katika chumba cha hoteli eneo la Hollywood, baada ya kutumia heroini kupita kiasi. Alikuwa na umri wa miaka 27. Albamu yake, Pearl, ilitolewa Januari 1971 na kushika nafasi ya kwanza Marekani. Picha zilizonaswa ndani ya gari lile zilikaa zaidi ya miaka 30 kabla ya kutolewa kama filamu mnamo 2003.

Yeye aliyemwekea mwenzake jiwe hakuachiwa kaburi. Majivu yake yalitawanywa katika Bahari ya Pasifiki.