Askofu Daniel Payne: Aliyenunua Chuo Kikuu Bila Pesa Mfukoni



Katika kurasa nyingine za kitabu hiki mtasoma habari za kwaya yetu: waanzilishi wake, safari zake na nyimbo zake. Kamati iliona vyema pia tumkumbuke mtu mmoja wa zamani ambaye hakuwahi kufika Kenya, lakini ambaye maisha yake yanagusa mambo tunayoyajua vizuri sisi sote: kwaya, mchango, kiwanja cha kanisa, na swali la nani atakayeongoza. Mtu huyo ni Askofu Daniel Alexander Payne wa Kanisa la African Methodist Episcopal, yaani AME, la Marekani.

Utoto wake

Payne alizaliwa tarehe 24 Februari 1811 katika mji wa Charleston, jimbo la South Carolina. Wakati huo watu weusi wengi wa huko walikuwa watumwa, lakini wazazi wake walikuwa watu huru. Walimlea kwa maombi na nyimbo, kisha wakafariki wote wawili angali mtoto mdogo. Jamaa walimchukua wakamlea. Akajifunza useremala, na usiku alisoma peke yake kwa taa hadi macho yakachoka.

Mwaka 1829, akiwa na umri wa miaka 18, alifungua shule. Alianza na watoto watatu wa mchana na watumwa watatu watu wazima waliokuja usiku. Kila mmoja alilipa senti 50 kwa mwezi. Mapato hayakumtosha, akataka kuacha ualimu na kusafiri kama mhudumu wa tajiri mmoja mwenye watumwa. Katika mazungumzo yao tajiri yule alimwambia kwamba kinachomtofautisha bwana na mtumwa ni elimu tu. Alisema hivyo ili kumvutia kijana asafiri apate kujua mambo. Payne alilichukua neno hilo kwa namna yake. Kama ni elimu tu, basi afadhali arudi akaifundishe. Akarudi darasani.

Shule ikakua. Lakini mwezi Desemba 1834 Bunge la South Carolina lilipitisha sheria ya kukataza watu weusi wasifundishwe kusoma na kuandika. Ilianza kutumika Aprili 1835, na shule ikafungwa. Mwezi uliofuata Payne alipanda meli kwenda kaskazini. Alikuwa na umri wa miaka 24, na miaka 30 ingepita kabla hajauona tena mji wake.

Alisoma theolojia kwa Walutheri huko Gettysburg, akabarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1839, na miaka michache baadaye akajiunga na Kanisa la AME.

Kanisa lililojua uchungu wa hati

Ni vizuri kujua Kanisa la AME lilitoka wapi. Katika mji wa Philadelphia, Mchungaji Richard Allen na waumini weusi walikuwa wamejijengea kanisa lao la Betheli, lakini Wamethodisti wazungu walidai kwamba mali hiyo iko chini ya mamlaka yao. Mvutano huo ulidumu miaka mingi. Mwaka 1815 jengo liliuzwa kwa mnada, na Allen akalazimika kutoa zaidi ya dola 10,000 kulinunua kanisa ambalo yeye na wenzake walikuwa wamelijenga. Mwaka uliofuata mahakama iliwapa haki, na mwaka huo huo wa 1816 dhehebu lao likaundwa rasmi.

Sisi Wakenya hatuhitaji kuelezwa sana habari hiyo. Tunajua makanisa yaliyojengwa kwa jasho la akina mama, na baadaye mtu akatokea na karatasi akisema kiwanja ni chake. Payne aliingia katika kanisa lililokuwa na kumbukumbu ya namna hiyo.

Ugomvi wa kwaya

Hapa wanakwaya wasikilize kwa makini. Kati ya mwaka 1841 na 1842 kwaya ilianzishwa kwa mara ya kwanza katika Kanisa la AME, pale pale Betheli ya Philadelphia. Wazee wengi walikasirika. Kwao, watu wachache kusimama mbele na kuimba kwa sauti zilizopangwa kulikuwa ni kumleta shetani kanisani. Baadhi yao walitoka na hawakurudi tena. Payne alikuwa upande wa kwaya. Mwaka 1848, akiwa mchungaji huko Baltimore, vyombo vya muziki viliingia katika ibada, na manung'uniko yakaanza upya. Wazee wetu wanaokumbuka siku gitaa la kwanza lilipoingia kanisani kwetu watacheka kidogo wakisoma haya.

Lakini tusimpake mafuta mtu huyu kupita kiasi. Payne alipenda utaratibu mno. Nyimbo za watu wa kawaida, zile walizozitunga utumwani na kuziimba kwa kupiga makofi na kuzunguka, alizidharau na kuzikataza. Mwaka 1850 ushirika mmoja wa Baltimore ulikataa kumpokea awe mchungaji wao. Walisema ana majivuno, sebuleni kwake kuna zulia zuri kupita kiasi, hataki kunywa chai nao, na hawaruhusu kuimba nyimbo zao za kiroho. Tunadhani katika jambo la nyimbo walikuwa na haki. Nyimbo alizozikataza ni ndugu wa nyimbo ambazo leo dunia nzima inaziimba kwa heshima, na kwaya yetu pia inaziimba.

Ukali huo huo ndio uliomfanya apiganie elimu ya wachungaji. Mwaka 1843 aliandika barua za kulihimiza kanisa lidai wahubiri waliosoma, na wengi wakamwona kama anayewatukana wazee waliohubiri kwa Roho bila vitabu. Katika mkutano mkuu wa mwaka 1844 pendekezo lake la masomo kwa wahubiri lilitupwa nje siku ya kwanza. Siku iliyofuata likarudishwa na kupitishwa. Mwaka 1852 alichaguliwa kuwa askofu.

Usiku wa tarehe 10 Machi 1863

Karibu na mji wa Xenia, jimbo la Ohio, palikuwa na chemchemi zilizoitwa Tawawa. Jina hilo ni la lugha ya Washawnee, wenyeji wa nchi ile ambao walikuwa wameondolewa katika ardhi yao. Matajiri walijenga pale hoteli kubwa ya kupumzikia. Mwaka 1856 Kanisa la Methodist Episcopal, ambalo viongozi wake walikuwa wazungu, lilipachukua mahali hapo na kuanzisha chuo cha vijana weusi. Walikiita Wilberforce, kwa heshima ya William Wilberforce wa Uingereza, aliyepigana na biashara ya watumwa. Payne alikuwa mmoja wa wadhamini wachache weusi. Wengi wa wanafunzi walikuwa watoto ambao baba zao ni wazungu wenye mashamba kule kusini, na mama zao ni watumwa.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, fedha za wale wazazi zilikatika. Mwaka 1862 chuo kikafungwa. Wadhamini wakabaki na majengo matupu na madeni, wakaamua kuuza.

Serikali ya Ohio ilitaka kupanunua ili pawe makao ya kutunza wagonjwa. Wenzake Payne walimwambia kwamba kama kanisa lake linataka kupachukua, bei ni dola 10,000, na jibu linahitajika usiku ule ule. Payne aliomba wamngojee mpaka mikutano ya kanisa ikae, apate idhini na mchango. Wakakataa. Wangengoja, serikali ingepachukua.

Tujiweke katika viatu vyake. Hakuwa na pesa. Hakuwa na barua ya kamati. Kanisa la AME lilikuwa tayari na shamba lingine la shule katika jimbo hilo hilo la Ohio, na shule ya huko ilikuwa inasuasua. Vita vilikuwa bado vinaendelea. Kama mchango usingepatikana, aibu ingekuwa yake na hasara ingekuwa ya kanisa. Kwa upande mwingine, nafasi ya watu weusi kuwa na chuo chao wenyewe ilikuwa inapita, na asubuhi isingekuwepo tena. Akasimama, akatamka kwamba kwa jina la Bwana anainunua mali hiyo kwa ajili ya Kanisa la AME.

Baada ya hapo hakubaki peke yake. Alishirikiana na James A. Shorter na John G. Mitchell, wakazunguka makanisani wakiomba. Ilikuwa harambee kabla ya neno letu la harambee. Watu ambao wengi wao walifua nguo na kubeba mizigo walitoa walichokuwa nacho. Kufikia Juni 1863 malipo ya kwanza ya dola 2,500 yalikuwa yamepatikana, na hati ikaandikwa. Hati hiyo haikuwa ya Payne. Wale watatu waliipokea kwa niaba ya kanisa. Wilberforce kikawa chuo kikuu cha kwanza nchini Marekani kumilikiwa na kuongozwa na watu weusi, na Payne akawa mkuu wake.

Moto

Tarehe 14 Aprili 1865 vita vilikuwa vinaisha na watu walikuwa wakisherehekea mjini Xenia. Jioni hiyo jengo kuu la chuo liliteketea. Iliaminika kwamba moto uliwashwa na watu wenye chuki. Usiku ule ule, huko Washington, Rais Abraham Lincoln alipigwa risasi. Payne hakuwepo chuoni. Alikuwa katika kazi za kanisa upande wa mashariki.

Deni la kiwanja lilikuwa bado halijaisha, na sasa nyumba haikuwepo. Wangeweza kuuza ardhi na kugawana kilichobaki. Lakini walibaki na hati, na mwenye ardhi anaweza kujenga tena. Mwezi uliofuata Payne alirudi Charleston, miaka 30 tangu kufukuzwa kwa sheria, akaanzisha kanisa lake pale pale alipokatazwa kufundisha. Kisha akarudi kwenye kazi ya kuomba matofali. Michango ilitoka kwa waumini, kwa marafiki, na mwaka 1870 Bunge la Marekani nalo likatoa dola 25,000. Jengo jipya lilichukua zaidi ya miaka 10.

Kuachia kiti

Kwa miaka 13 Payne alikuwa askofu na mkuu wa chuo kwa wakati mmoja. Ni mzigo mkubwa kwa mtu mmoja, na ni hatari pia, kwa sababu kazi ya namna hiyo huweza kugeuka kuwa mali ya mtu. Mwaka 1876 aliachia kiti. Aliyempokea alikuwa Benjamin F. Lee, kijana aliyesoma katika chuo hicho hicho na kuhitimu mwaka 1872. Mwaka 1891 ilipoanzishwa shule ya theolojia iliyoitwa kwa jina la Payne, mzee huyo alirudi kuiongoza, akiwa na miaka 80.

Matatizo hayakuisha. Mwaka 1887 serikali ya Ohio iliweka idara yake ya ualimu na ufundi ndani ya chuo, ikiwa na bodi yake na fedha zake. Chuo kimoja kikawa na wakubwa wawili, na miaka 60 baadaye, mwaka 1947, pande hizo ziliachana zikawa vyuo viwili. Fedha za serikali zilisaidia sana, lakini zilikuja na swali la nani mwenye nyumba.

Kwaya iliyokwama

Askofu Payne alilala mwezi Novemba 1893. Hakuona jambo lililotokea muda mfupi baadaye, nalo ndilo lililotufanya tumchague kwa jubilii hii.

Kwaya ya vijana kutoka Afrika Kusini ilikwenda Marekani kuimba. Mipango ya safari ikavunjika, na waimbaji wakakwama katika mji wa Cleveland, Ohio, bila nauli ya kurudi. Kanisa la AME likawasaidia baadhi yao kuingia Chuo Kikuu cha Wilberforce. Mmoja alikuwa Charlotte Manye. Barua yake kwa jamaa zake nyumbani ilisaidia kuunganisha Kanisa la Ethiopia la Mchungaji Mangena Mokone na Kanisa la AME mwaka 1896. Alihitimu, akaolewa na Marshall Maxeke aliyesoma hapo pia, na mwaka 1918 akaanzisha chama cha wanawake Waafrika kupinga sheria za pasi.

Hebu tufikirie. Kama ule usiku wa Machi 1863 kiwanja kingekwenda kwa mnunuzi mwingine, wanakwaya wale wangebisha mlango gani? Mtu aliyepigania kwaya kanisani aliacha mlango wazi, na waliokuja kuubisha walikuwa wanakwaya kutoka bara letu.

Wapendwa, tunapokata keki ya jubilii tujiulize maswali ya nyumbani. Je, kiwanja chetu kina hati, na hati hiyo iko kwa jina la nani? Je, vijana wa kwaya wanafundishwa ili siku moja washike fimbo ya kuongoza, au tumeishikilia mpaka mikono inatetemeka? Na je, wimbo wa mama mzee asiyejua noti una nafasi katika ibada yetu? Katika maswali mawili ya kwanza Payne ni mwalimu wetu. Katika la tatu tujifunze kutokana na kosa lake.

Mungu aibariki kwaya yetu, awabariki waliotutangulia, na awape nguvu watakaoimba baada yetu. Amina.