Daktari Adrian Atiman: Kutoka Minyororo ya Utumwa hadi Utabibu wa Karema

Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, ndani ya Mkoa wetu wa Katavi, ni vigumu kuitaja Karema pasipo kumkumbuka Daktari Adrian Atiman, katekista na tabibu aliyewahudumia wagonjwa wa huko kwa miaka 67.

Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 huko Tundurma, kando ya Mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa bado mtoto alitekwa na wafanyabiashara ya watumwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi Algeria. Huko, mwaka 1876, Mapadre Weupe walimkomboa kwa fedha, wakampa makao, shule na mafundisho ya dini, naye akaomba Ubatizo.

Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, alikuwa na nia ya kuwaandaa vijana Waafrika wawe matabibu na makatekista kwa pamoja. Hivyo Atiman alipelekwa katika kisiwa cha Malta kusomea udaktari. Mwaka 1888 alianza safari ya kuja Afrika Mashariki, na mwaka 1889 akafika Karema.

Mazingira aliyoyakuta yalifanana na maisha yake mwenyewe. Misafara ya watumwa ilikuwa ingali ikipita pande za ziwa, na misioni ilikuwa kimbilio la waliokombolewa. Yeye aliyewahi kuuzwa kama bidhaa sasa aliosha vidonda vya wenzake waliouzwa. Hakurudi kwao Niger. Alimwoa Agnes, binti wa ukoo wa kichifu wa Wabende, na mwana wao Yosefu alipata neema ya Upadre.

Dawa kutoka Ulaya zilichukua miezi mingi kufika. Atiman hakuudharau ujuzi wa wenyeji, bali alijifunza mitishamba yao na kuitumia pamoja na elimu aliyoipata Malta. Hakufanya hivyo kwa kurudia ushirikina. Yoshua bin Sira anatufundisha kwamba Mungu ndiye anayeziotesha dawa katika ardhi, na kwamba mwenye busara hazikatai.

Sayansi ya leo inatusaidia kuelewa hekima hiyo. Mti hauwezi kumkimbia mdudu wala jua kali. Hujilinda kwa kutengeneza kemikali ndani ya magome, majani na mizizi yake. Ukakasi tuuonjao katika magome mengi hutokana na tanini. Utomvu mwekundu wa mninga wa misitu yetu ya miombo una kemikali za namna hiyo. Nyingi kati yake ni antioksidanti, yaani huzituliza chembe kali zinazozaliwa mwilini tunapopumua na kuugua, ambazo zikizidi huharibu seli. Kwinini iliyotibu malaria kwa vizazi vingi nayo ilitoka katika gome la mti.

Hata hivyo, kemikali kufanya kazi katika chupa ya maabara si uthibitisho kwamba humponya mgonjwa. Gome lile lile, kipimo kikizidi, laweza kudhuru ini au figo. Ndiyo maana mfano wa Atiman una uzito kwetu: alikuwa tabibu aliyesoma, aliyemchunguza mgonjwa kabla ya kumpa dawa. Anayeacha dozi ya hospitali kwa ajili ya mizizi ya sokoni hamfuati Atiman. Wala hamfuati anayewacheka wazee wanaoijua miti.

Daktari Atiman aliaga dunia mwaka 1956, na hospitali ya Kanisa huko Sumbawanga inalibeba jina lake. Tumwombe Mungu atujalie moyo kama wake: kupokea uhuru kama zawadi, na kuugeuza kuwa huduma kwa wanaoteseka. Tuitunze pia misitu ya Katavi, kwa maana mti uliochomwa mkaa leo haumtibu mtu kesho.