Kivoi wa Kitui: Jina kubwa lisilo na jengo la kulihifadhi

JINA la Kivoi wa Mwendwa halikosekani kila inaposimuliwa historia ya Ukambani. Aliishi Kitui katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, akavuma kwa biashara ya pembe za ndovu kati ya bara na pwani, na ni kwake ambako jina la mlima uliolipa taifa la Kenya jina lake lilinakiliwa na mgeni aliyelifikisha Ulaya.

Wengi humwita Chifu Kivoi, ingawa uchifu ulikuja na utawala wa Waingereza, miaka mingi baada ya kifo chake. Wakamba wa enzi hizo hawakuwa na mfalme. Mambo ya jamii yaliamuliwa na mabaraza ya wazee, na mtu alipata sauti kwa mali, ushujaa na ukarimu wake. Kivoi alijaliwa yote hayo.

Misafara ya Wakamba ilibeba pembe hadi Rabai na Mombasa, ikarejea na nguo, shanga, chumvi na nyaya za shaba. Njia mojawapo ilipita Kikumbuliu, nchi ya Kibwezi ya leo katika Kaunti ya Makueni, kabla ya kuvuka mto Athi kuelekea Kitui. Reli ilipojengwa kutoka Mombasa kuanzia mwaka 1896, ilikatiza nchi hiyo hiyo, na miji kama Makindu na Emali ikachipuka kandokando yake. Kwa hiyo, shughuli za usafiri zinazoipa Emali uhai hazikuanza na garimoshi. Zilitanguliwa na nyayo za wapagazi.

Mnamo Novemba 1849, Kivoi alimpokea nyumbani kwake Johann Ludwig Krapf, mmishonari Mjerumani aliyekuwa na makao Rabai. Mwenyeji huyo alimweleza mgeni wake kwamba aliwahi kufika Uchagani na kuuona mlima wenye weupe kileleni, na kwamba kulikuwa na mwingine mkubwa zaidi upande wa kaskazini. Wakamba waliuita Kiinyaa. Desemba 3, 1849, mawingu yalipotawanyika, Krapf aliuona mlima huo kwa macho yake akiwa Kitui.

Habari hizo zilipofika Ulaya, baadhi ya wanajiografia walizibeza. Hawakuamini kwamba theluji ingeweza kudumu karibu na ikweta. Muda ulithibitisha kwamba mfanyabiashara wa Kitui aliijua jiografia ya Afrika Mashariki kuliko wasomi wa London. Mwaka 1920, jina la mlima huo likawa jina rasmi la koloni, na mwaka 1963 likawa la taifa huru.

Kivoi mwenyewe hakuishi kuyaona hayo. Mwezi Agosti 1851, akiwa safarini pamoja na Krapf karibu na mto Tana, msafara wao ulivamiwa naye akauawa. Krapf aliponea chupuchupu, akatangatanga nyikani kwa njaa na kiu. Alipofika kwa jamaa za marehemu, alilaumiwa kwa kurudi akiwa hai ilhali mwenyeji wake amekufa. Ilimbidi atoroke usiku.

Tangu hapo, kumbukumbu za watu hao wawili zimefuata njia tofauti. Huko Rabai, kanisa la mawe lililotokana na kazi ya Krapf na wenzake limegeuzwa makavazi yanayosimamiwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Kivoi hakujenga kwa mawe. Nyumba za Wakamba wa wakati wake zilikuwa za miti na nyasi, na vitu hivyo havidumu karne mbili.

Hapo ndipo wajibu wa serikali za mashinani unapoanza. Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti shughuli za utamaduni pamoja na makavazi, huku minara ya kale yenye umuhimu wa kitaifa ikibaki mikononi mwa serikali kuu. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 nayo inaruhusu mahali pa kihistoria patangazwe rasmi na kulindwa, hata kama hapana jengo. Kilima, chemchemi au kivuko cha mto kinaweza kuwa turathi sawa na ngome.

Kwa Kitui na Makueni, kazi hiyo haihitaji kungoja fedha nyingi. Inahitaji kuandika masimulizi ya wazee wangali hai, kuipima njia ya misafara, kuweka alama mahali panapohusika na kuyaingiza maeneo hayo katika mipango ya ardhi kabla hayajagawanywa viwanja. Kadhalika, stesheni kuukuu za reli ya zamani zinastahili ulinzi, hasa baada ya abiria kuhamia reli mpya iliyozinduliwa mwaka 2017, yenye kituo chake Emali.

Jengo likibomoka, huacha angalau msingi. Njia ya miguu isipowekewa alama hufutika pamoja na kizazi cha mwisho kilichoijua, na Kivoi atabaki jina tu ndani ya kitabu cha safari za mgeni wake.