Tabibu Aliyeuliza Kazi ya Mgonjwa

Leo twawasimulia ndugu askari maisha ya Bernardino Ramazzini, aliyezaliwa mwaka 1633 katika mji wa Carpi, nchini Italia. Alifuzu utabibu huko Parma mwaka 1659, akafundisha Modena, na baadaye Padova.

Akiwa Modena alimwona mtu akitapisha shimo la choo kwa haraka kubwa. Alipomhoji alitambua kuwa mvuke wa shimo huwachoma mafundi hao macho, hata huwapofusha. Tangu hapo alizuru karakana bila kuona haya, na kila mgonjwa alimwuliza afanya kazi gani. Mwaka 1700 alitoa kitabu cha maradhi ya wafanyakazi, wala hakuwasahau askari wa kambini. Wachoraji aliwaona wamesawajika, akashuku rangi zenye madini ya risasi na zebaki, pamoja na harufu ya vanishi na mafuta. Alifariki mwaka 1714.

Shaka yake haikuwa bure. Benzini, iliyomo katika petroli na iliyowahi kutumika sana kuyeyushia rangi, huharibu ndani ya uboho kromosomu, yaani nyuzi zibebazo urithi wa mwili, na yaweza kuleta saratani ya damu. Mwaka 1989 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba kazi ya kupaka rangi husababisha saratani.

Basi apakaye rangi gari la kikosi, au aoshaye bunduki kwa petroli, na afungue milango hewa ipite, avae glavu. Na akiugua, amweleze daktari kazi yake kabla hajaulizwa.