Harry Ferguson, mtoto wa mkulima aliyelipa trekta mikono

Kila unapoona trekta linavuka barabara huku plau limenyanyuliwa nyuma yake, ujue unaiona kazi ya mtu mmoja aliyezaliwa Ireland zaidi ya miaka 140 iliyopita. Jina lake ni Harry Ferguson. Wengi tumelisoma ubavuni mwa matrekta ya Massey Ferguson tukidhani ni jina la kiwanda tu.

Mimi nililisikia kwa mara ya kwanza katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo, wilayani Mpanda wakati huo, nchini Tanzania, nilikozaliwa na kusoma. Mwalimu wetu wa kilimo alipenda sana kutusimulia habari za mtu huyo. Tulimsikiliza kama watoto wanavyosikiliza hadithi, tukasahau. Sikujua kwamba habari hizo zingenifaa mwaka 2014, nikiwa nimekwisha kurudi nyumbani Burundi, siku trekta la ushirika wetu lilipogoma.

Lilikuwa trekta dogo la mitumba kutoka Japani. Tulilinunua kwa kuchanga, sisi tuliorejea pamoja na akina mama wanaofanya biashara ya kuvuka mpaka kwenda Manyovu. Ilikuwa Septemba, mvua za kwanza zimekwisha kunyesha, na mashamba ya watu yalikuwa yanasubiri zamu. Injini iliwaka vizuri, magurudumu yalizunguka, lakini mikono ya nyuma ilikataa kuinua plau. Fundi aliyeitwa alitazama kidogo, akasema pampu ya haidroliki imekufa, inatakiwa mpya. Bei aliyoitaja ilizidi fedha zote zilizokuwa katika kisanduku cha ushirika. Usiku ule nilimkumbuka mwalimu wangu na Ferguson wake.

Harry Ferguson alizaliwa Novemba 4, 1884, karibu na mji mdogo wa Dromore, kaunti ya Down, sehemu ambayo leo ni Ireland ya Kaskazini. Baba yake alikuwa mkulima mwenye watoto 11. Harry hakuipenda kazi ya shamba, na mwaka 1902 alikuwa amekusudia kuhamia Kanada kutafuta maisha. Kaka yake Joe akamzuia kwa kumpa kazi katika karakana yake ya baiskeli na magari mjini Belfast. Huko ndiko kijana alikogundua kipaji chake cha kuisikiliza injini na kujua inaumwa wapi.

Hakutosheka na magari. Alijitengenezea ndege, na Desemba 31, 1909 akairusha umbali wa mita 120 hivi. Alikuwa mtu wa kwanza kuruka kwa ndege katika Ireland. Mwaka 1911 akafungua biashara yake mwenyewe.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyomrudisha shambani. Chakula kilikuwa haba, na mwaka 1917 serikali ilimpa kazi ya kuzunguka Ireland kukagua matrekta yake na jinsi yalivyotumika. Alikwenda na fundi wake, Willie Sands. Walichokiona kiliwasikitisha. Plau zilivutwa kwa nyuma kama mkokoteni unavyovutwa na ng'ombe. Trekta jepesi la wakati ule likivuta plau, na plau likinasa kwenye jiwe au kisiki, magurudumu ya nyuma yaliendelea kuzunguka na pua ya trekta ikainuka juu. Trekta liliweza kupinduka na kumlalia dereva. Wako wakulima waliokufa kwa njia hiyo.

Watu wengine walijibu tatizo hilo kwa kutengeneza matrekta mazito zaidi. Ferguson alikataa. Uzito hula mafuta na hushindilia udongo. Yeye aliona kwamba ubaya haukuwa katika trekta wala katika plau, bali mahali viwili hivyo vilipoungana. Akafanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na hati ya uvumbuzi wake mkuu aliiomba mwaka 1925.

Uvumbuzi wenyewe ni huu. Plau linashikwa na mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu. Pampu inasukuma oili kwenye silinda, pistoni inasogea, mikono ya chini inainuka. Plau likikutana na udongo mgumu, mkono wa juu unasukumwa kuelekea mbele. Msukumo huo unaikandamiza pua ya trekta chini badala ya kuiinua, na wakati huohuo unafungua valvu ya oili ili plau lipande kidogo. Udongo ukilainika, linashuka. Dereva hahitaji kufanya lolote. Trekta dogo likaweza kazi ya trekta kubwa, na dereva akarudi nyumbani salama.

Mwaka 1936 trekta lenye mfumo huo lilianza kuuzwa, likiundwa na David Brown wa Uingereza. Oktoba 1938 Ferguson alilipeleka Marekani akamwonyesha Henry Ford mwenyewe. Ford alivutiwa mno. Wazee wale wawili wakapeana mikono na mambo yakaishia hapo, bila mkataba wa maandishi. Juni 1939 trekta la Ford-Ferguson likatoka kiwandani, na katika miaka iliyofuata likauzwa kwa mamia ya maelfu.

Sisi tunaofanya biashara mpakani tunajua mambo ya kupeana mikono. Yanakwenda vizuri maadamu wale wawili wapo. Uongozi wa kampuni ulipomwangukia mjukuu, Henry Ford wa Pili, makubaliano yakavunjwa mwaka 1947, na Ford wakatoa trekta lao wenyewe lenye mfumo uleule. Ferguson alifungua kesi akidai dola za Marekani milioni 251. Kesi ilichukua miaka, na mwaka 1952 wakapatana alipwe dola milioni 9.25. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Fundi hodari wa kuona nyufa za mashine aliuacha ufa wa karatasi.

Hata hivyo hakukaa kulia. Kuanzia mwaka 1946 trekta lake dogo la kijivu, TE20, lilikuwa likiundwa Coventry, Uingereza, na hadi mwaka 1956 yalikuwa yametoka zaidi ya 500,000. Alijali pia watu wajue kulitumia, hata kukawa na shule ya kuwafundisha wauzaji na mafundi. Mwaka 1953 aliunganisha kampuni yake na Massey-Harris ya Kanada, na ndipo lilipotoka jina tunalolijua. Alijitoa mwaka uliofuata. Alifariki Oktoba 25, 1960, nyumbani kwake Uingereza, akiwa na umri wa miaka 75. Leo matrekta madogo kwa makubwa, ya viwanda vya kila nchi, yana mikono ile mitatu.

Mwalimu wangu alitufundisha kumfuata Ferguson kwa kutafuta chanzo kwanza, tena kuanzia kitu cha bei ndogo kwenda cha bei kubwa. Asubuhi tulifanya hivyo. Tuliliegemeza plau chini na kuzima injini, maana mtu hapaswi kuingia chini ya kitu kinachoning'inizwa na oili. Tukatazama vishikio kama viko mahali pake. Katika matrekta kama lile la kijivu la Ferguson, pampu huzungushwa na shafti ya kuendeshea mashine za nyuma. Kishikio cha shafti kikiachwa kimezimwa, pampu haizunguki, na watu wamewahi kununua pampu mpya kwa kosa hilo.

Kisha tukachomoa kijiti cha kupimia oili. Ilikuwa pungufu, na rangi yake kama chai ya maziwa. Hiyo ni dalili ya maji. Ingekuwa na povu tu, tungetafuta hewa inakoingilia upande wa kuvuta. Trekta lilikuwa limelala mvuani siku nyingi na kifuniko cha kujazia hakikukazwa. Tulipofungua chujio, tulilikuta limezibwa na tope. Pampu haikuwa imekufa, ilikuwa na kiu.

Tulimwaga oili yote, tukaosha chujio, tukajaza oili ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha trekta. Tukawasha injini na kuinua na kushusha mikono mara kadhaa bila mzigo ili hewa itoke. Mara ya nne plau likafungwa, likapanda. Akina mama walipiga vigelegele. Tulikuwa tumepoteza siku tatu, lakini zamu za mashamba zilikamilika.

Kama lisingepanda, tungeendelea na dalili nyingine. Plau likishuka lenyewe baada ya injini kuzimwa, shuku sili za pistoni au valvu. Likiinua vizuri asubuhi na kuchoka oili ikishika joto, shuku uchakavu ndani ya pampu. Likiinua kitu chepesi na kushindwa na kizito, tazama valvu ya kupunguza msukumo kabla ya pampu yenyewe. Na tafadhali, usitafute tundu la mpira wa oili kwa kiganja. Oili yenye msukumo mkubwa hupenya ngozi kama sindano. Tumia kipande cha boksi, na mtu akipenywa apelekwe hospitali saa ileile, hata kama kidonda kinaonekana kidogo.

Baada ya siku ile ushirika wetu ulinunua daftari. Upande mmoja tunaandika tarehe ya kupima oili. Upande wa pili tunaandika makubaliano yote, nani kachanga kiasi gani na zamu ni ya nani, na kila mmoja anatia sahihi. Ufa wa oili na ufa wa karatasi tunaviziba katika daftari moja.